Mabonge ya Maembe na Maji ya Baridi

Dada yangu simpendi. Naliandika hili mwanzoni kabisa, asije mtu akasoma mpaka katikati akidhani nitalainika. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne, tumenyonya titi moja, tumelala mkeka mmoja kule Pweto, ng'ambo ya ziwa, na bado nikisikia sauti yake ikifukuza kuku uani kwake natamani kumwambia dereva wa pikipiki ageuze turudi.

Hata hivyo sikukuu zote nimezipika kwake, kwa sababu ya mabonge ya maembe.

Mama yetu alikuwa mpishi wa mapadri. Padri mmoja mzungu alikuwa akililia chakula cha kwao, tunda lililovishwa unga na kuchemshwa, lakini tunda lenyewe halikuwapo upande wetu na unga wa ngano ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mama akatia embe, na unga wa muhogo akauzidisha kuliko wa ngano. Padri alikula, akaomba tena. Mama akakileta chakula hicho nyumbani, na tangu hapo hapakuwa na ubatizo, komunyo ya kwanza wala kumaliza matanga kwetu bila mabonge.

Si chakula kigumu kwa mtu aliyefundishwa. Unamenya maembe, nyama yake unaipika na sukari na chumvi kidogo mpaka iwe nzito ishike kwenye kijiko. Kokwa unazichemsha peke yake, kwa sababu utamu unaokaa kwenye nyuzi za kokwa ni mwingi kuliko watu wanavyofikiri, na maji yakigeuka manjano ndiyo unayoyataka. Hayo maji unayamimina juu ya unga yakiwa yanatokota. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Unga wa muhogo ukiukanda kwa maji baridi unakudanganya: unashikana mkononi, unaviringika, unapendeza kwenye sinia. Ukiutupa kwenye sufuria unaachana. Kwa maji ya moto unaiva kabla hata hujaugusa, na ukiukanda huku unakuunguza vidole hautaachana tena. Unaukata, unautandaza kiganjani, unatia kijiko cha embe katikati, unafunga, unaviringa, unatupa kwenye yale maji ya kokwa yaliyobaki. Bonge likiiva linapanda juu lenyewe.

La kwanza kupanda ni la aliyekanda. Hiyo ilikuwa sheria ya mama. Padri hakuligusa, baba hakuligusa, mgeni aliyetoka mbali alisubiri la pili. Mama alilitoa kwa kijiko, akalipuliza, akanipa mimi.

Mimi, kwa sababu dada hakuwahi kukanda. Tangu akiwa msichana alikuwa kwenye samaki pamoja na shangazi yetu, anavuka ziwa hadi kisiwa cha Chisenga, analala kwenye kambi za wavuvi, anarudi na viatu vipya na maneno ya kibiashara. Mimi nilibaki na masizi. Mama alisema mimi ndiye wa jiko, na mimi nikadhani ni sifa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ilikuwa kazi.

Vita ilipotufikia tulivuka ziwa kwa boti, mama na mimi, tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Kenani pamoja na wengine. Dada alikuwa tayari upande huu, kisiwani, na samaki wake. Mama aliugua pale kambini. Siku moja, akiwa ameshakataa uji na maji, aliomba mabonge. Nilitoa kitenge changu kimoja nikapewa unga na maembe matatu yaliyokwisha kulainika. Bonge la kwanza lilipopanda nililipeleka mdomoni mwake, ingawa kwa sheria yake mwenyewe lilikuwa langu. Alimeza mara mbili tu. Dada alifika siku moja baada ya mazishi, na kilio chake kilizidi vya wote, mpaka majirani wakawa wanamshikilia yeye, na mimi nikaenda kuosha sufuria.

Ni kweli kwamba samaki wake ndio waliotulisha pale Kenani. Nimeliandika. Sitalirudia.

Baadaye mimi nilipewa kipande cha shamba kwenye makao ya wakimbizi, nikalima muhogo. Yeye akajenga Nchelenge mjini, si mbali na pale boti zinapofikia. Mume alikuwa naye akaondoka, akabaki na binti mmoja. Mimi sikupata mtoto. Kila dada alipokwenda kisiwani binti alikuja kwangu, na dada alikwenda kisiwani sana. Nilimsuka, nilimpeleka kliniki, nilimfundisha kuviringa mabonge. Kukanda unga sikumfundisha. Unga niliukanda ndani, mlango nimeufunga, hata kwenye nyumba ya dada yangu, hata jasho likinitiririka, kwa sababu kitu pekee nilichoachiwa na mama kilikuwa pale kwenye beseni na sikutaka mtu achungulie.

Halafu dada alichukua sinia akalipeleka mbele ya wageni, amevaa vizuri, mikono misafi, akasema, "Hii ni ya kwetu, ni ya mama." Wageni wakamsifu. Binti naye akampigia makofi mama yake.

Huyo binti ndiye niliyekuwa namshindania. Naweza kuzungusha maneno mpaka jioni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Binti akapata mchumba, kijana wa Nchelenge, fundi wa injini za boti, mpole, mikono daima ina oili. Watu wa kwao wakataka mambo yafuate desturi yao, na desturi yao wenyeji wa huku wanaiita chilanga mulilo, yaani kuonyesha moto. Mkwe hali kitu nyumbani kwa wakwe zake mpaka siku hiyo ipite. Upande wa msichana unapika kila aina ya chakula atakachopikiwa maishani, wanawake wanakibeba vichwani hadi kwa mwanamume, wanapiga magoti, wanafunua chombo kimoja kimoja na kukitaja. Baada ya hapo amekaribishwa. Mpaka leo nadhani ni desturi nzuri, ingawa mimi niliichafua.

Kijana alikuwa ameshasikia kwamba kwetu kuna chakula cha maembe cha sikukuu, ingawa hakujua sura yake. Aliomba kiwepo. Nilijua nitaitwa, nikaanza kuchagua maembe moyoni.

Badala ya kuniita, dada alikuja mwenyewe mpaka shambani kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nijenge. Aliketi kwenye beseni nililoligeuza, akatazama mihogo yangu inayokauka, akasema, "Mudogo yangu, safari hii nitatengeneza miye. Miye njo mama yake. Haifai bakwe bakule mikono ya mutu mwingine."

Ya mtu mwingine. Nilikuwa na kisu mkononi, namenya, na niliendelea kumenya.

"Sawa," nikasema.

"Lakini sijui mama alikuwa anapondea bunga namna gani." Kuponda unga, kwetu, ndiyo kukanda.

"Na mayi."

"Mayi najua. Ya moto ao ya baridi?"

Watu husema ulimi uliteleza. Wangu haukuteleza. Nilimtazama usoni, nikaona viatu vyake, nikaona Kenani, nikaona lile sinia, kisha nikasema, "Ya baridi."

"Ya baridi kabisa?"

"Ya mu mutungi. Ukitia ya moto unaharibu."

Alinishukuru. Aliniachia samaki wawili wakubwa waliokaushwa vizuri, akapanda pikipiki akaenda zake. Nilifurahi. Sitajifanya kwamba nilikosa usingizi; nililala vizuri kuliko siku nyingi.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Alfajiri ya siku yenyewe nilikanda mabonge yangu, arobaini, nikayapanga kwenye beseni kubwa, nikayafunga kwa kitenge kipya, nikapanda pikipiki nikilipakata beseni mapajani njia nzima. Nilitaka nifike wakati ya dada yameshaachana na wanawake wameshashika vichwa. Nilitaka niingie na beseni, watu wanyamaze, na binti aone ni nani aliyemwokoa siku yake. Nilikuwa nimechagua hata maneno ya kusema. Nilikuwa nimechagua kutosema kitu.

Nilifika wakati wenyewe hasa. Uani kulikuwa na sufuria kubwa, na juu yake dada yangu ameinama, anakoroga kitu cha manjano kizito kilichojaa vipande vya embe. Hapakuwa na bonge hata moja. Wanawake waliomzunguka walikuwa wakizungumza kwa sauti ya matangani. Hakunitazama. Alikuwa akiuambia ule mwiko, "Ni mikono yangu. Iko mikono ya samaki hii. Mama alijua, njo maana hakunifundisha."

Hapo ningeweza kusema. Nilipita nikaingia ndani.

Binti alikuwa chumbani, amepakwa mafuta, ameketi kwenye mkeka kama ilivyotakiwa. Nililiweka beseni mbele yake nikafungua kitenge. Mvuke ukatoka. Nilitazama uso wake kuona furaha itaanzia wapi.

Alinyoosha kidole akagusa bonge la juu.

"Hizi ni za nani, mama mudogo?"

"Ni zako."

"Mama njo alisema atatengeneza."

"Nilifikiri zinaweza kuwa kidogo."

Alihesabu kwa macho. Ni mtoto niliyemlea mimi, najua uso wake akiwa anafikiri. Akasema polepole, "Mama aliniambia wewe njo ulimuonyesha. Mayi ya baridi. Yako uliponda na mayi gani?"

Nikalisogeza bonge la juu kana kwamba limekaa vibaya. 

"Funika," akasema.

"Mwanangu, bakwe banangoja. Utabapelekea uji?"

"Funika. Uzirudishe kwako. Mama sitamuambia kitu, juu nikimuambia leo atakufa na haya." Hakupandisha sauti. "Na ile sufuria yake, wewe njo utaibeba. Wewe mwenyewe. Na utaitaja kule."

Nilibeba. Nilitembea nyuma ya wanawake wengine wenye kuku mzima, maharage, kisamvu, samaki wa kila aina, na kichwani mwangu mimi sufuria ya kitu kilichoshindwa, kinatikisika na kunichoma utosi kupitia kata. Watu wa barabarani walipiga vigelegele. Nilimchukia dada yangu kila hatua, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumchukia yule ambaye miguu yake ndiyo ilikuwa inatembea.

Kwao kijana tulipiga magoti. Kila mmoja akafunua, akataja. Zamu yangu ilipofika nilifunua. Shangazi wa kijana, mwanamke mnene wa maneno machache, aliinama akatazama, akaniuliza kwa Kibemba, "Ici ni cinshi?" Hiki ni nini.

Nilikuwa na majibu mawili. Lile la kwanza, kwamba ni mabonge yaliyomshinda mpishi, lingemmaliza dada yangu mbele ya ukoo mzima, na sitasema halikunijia. Lakini sauti ya binti ilikuwa bado sikioni. Nikasema kwa Kibemba changu kibovu kwamba ni uji wa maembe, ameupika mama wa msichana kwa mikono yake, na nyumbani kwao ndio wa sikukuu.

Shangazi alionja kwa kijiko. Akaonja tena. Akampa kijana, kijana akala, akaomba sahani. Wazee wakaomba. Mwisho watoto waliparuza sufuria mpaka ikalia. Unga wa muhogo ulikuwa umeyafanya yale maji ya embe kuwa mazito na laini, na wao hawakujua kwamba kilitakiwa kuwa kitu kingine. Nilikasirika mno. Nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye vumbi, uso umetulia, na ndani nawaka.

Beseni langu lilirudi nami kwenye makao. Dereva wa pikipiki alikula mabonge sita njiani, akasema ni matamu sana. Huyo ndiye peke yake aliyenisifu. Mengine niliyala mwenyewe siku mbili, yakiwa yamepoa na kukakamaa, na yaliyobaki nikawapa kuku.

Baada ya hapo binti hakuja tena kwangu. Hakunitukana. Alipiga simu sikukuu, akauliza afya, akakata. Dada naye hakugusa unga tena. Nilisikia kwa watu kwamba akialikwa kusaidia kupika anacheka na kuinua mikono, anasema hii ni ya kupara samaki tu. Alikuwa anasema kwa mzaha, lakini aliyeniletea habari alisema macho yake hayakuwa kwenye mzaha. Krismasi ikapita kwao bila mabonge. Kwangu pia ilipita bila mabonge, kwa kuwa hakuna mtu anayepika mabonge ya mtu mmoja.

Ilipita zaidi ya mwaka, binti akajifungua mtoto wa kike. Sikuitwa. Nilimwona mtoto kwenye picha ya simu ya jirani. Kisha siku moja ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu yangu, mfupi, kelele za kuku nyuma yake.

"Mama mudogo, mutoto atabatizwa siku ya Mungu. Kuya utupondee bunga. Utaipondea inje, mama akiwa hapo, anaona. Kama hautaki, basi, mutoto atakuwa na kambo mumoja tu." Kambo, kwetu, ni bibi.

Niliusikiliza mara nyingi nikitukana. Mtoto niliyemfuta kamasi ananiwekea masharti. Nilijiambia siendi. Nilijiambia dada ndiye aliyenifanya hivi, kwamba asingesema mtu mwingine nisingesema ya baridi. Yote hayo nilijiambia huku nachekecha unga.

Baada ya misa ya Jumapili hiyo watu walijaa uani kwa dada. Moto ulikuwa umeshawashwa, kokwa zinachemka, maji yameshapata rangi. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwangu, anamenya maembe, kichwa kimeinama. Alikuwa amezeeka mkononi kuliko usoni. Binti alisimama mlangoni na mtoto, akasubiri. Hakuna mwingine aliyejua kwamba kuna kitu kinasubiriwa.

Nilimimina unga kwenye beseni. Nikaiinua sufuria kwa matambara mawili. Nilitamani mtu aniite, nilitamani mvua inyeshe. Nikayamimina yale maji yakiwa yanatokota, na mvuke ukapanda mkubwa kati yangu na dada yangu, na harufu ya embe ikajaa ua.

Kisu chake kikasimama.

"Mayi ya moto," akasema.

"Ya moto."

"Mama alikuwa anatia ya moto."

"Ee, yaya," nikasema, kwa neno letu la kumwita dada mkubwa.

"Siku yote?"

"Siku yote."

Alitazama beseni. Kisha akatazama mikono yake, kiganja, mgongo, kiganja tena. Aliweka kisu chini, akajifuta kwenye kitenge, akainuka. Nilidhani atanipiga kofi. Ningelipokea, na ningekuwa na kitu cha kumlaumu nacho miaka mingine kumi.

"Sogea," akasema.

Akachukua mwiko mkononi mwangu. Alikoroga vibaya, taratibu mno, na ulimi uliniwasha kumwambia aharakishe, niliung'ata. Alipoanza kukanda niliona vidole vinamuungua na hakuvitoa. Aliukanda ule unga mpaka ukang'aa. Akaukata, akatandaza, akajaza, akafunga, akaviringa, bila kumwuliza mtu. Lile la kwanza alilitupa kwenye sufuria akasimama kuliangalia. Lilizama, likakaa chini muda mrefu hata mimi nikaanza kusali, kisha likapanda zima.

Alilitoa kwa kijiko. Akalipuliza. Akalila lote, amesimama, ananitazama mimi usoni, anatafuna na kulia kwa pamoja, na hakujificha. Lilikuwa lake. Sheria ya mama ni hiyo.

Hajasema nami tena mpaka leo, ila lile neno moja. Nilibaki pale kando ya moto wake, sina mwiko, sina beseni, sijui nisimame wapi kwenye ua ambao nimeupikia miaka yote hii. Binti akatoka mlangoni akaja mpaka mbele yangu.

"Mikono yako iko bule," akasema. "Mukamate."

Akaniwekea mtoto. Alikuwa mzito kuliko kwenye picha, ananuka maziwa na mafuta ya ubatizo. Nilimshika mpaka wageni wote walipokwisha kula, na sikuonja hata bonge moja.